Datsun yangu inanizimikia njiani, na mke wangu amesema basi

Shikamoo Mzee,

Naandika kutoka Nairobi, na shida yangu ni nusu ya gari, nusu ya nyumba.

Nina Datsun 240Z ya 1972. Nimeitamani tangu utotoni, kwa sababu baba alikuwa akitusimulia jinsi gari hizo zilivyopita kijijini kwao wakati wa mashindano ya Safari Rally. Nilipomkuta mzee mmoja anauza yake kwa kuwa miguu haimruhusu tena kukanyaga klachi, nilitoa akiba yangu yote na mkopo wa sacco juu yake. Sijuti. Bodi ni zima, kutu ni kidogo, na injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Hapa mjini inakwenda vizuri kabisa. Shida ni safari ndefu.

Mara ya kwanza ilizima Emali. Nilisimama kununua machungwa, nikarudi baada ya dakika chache, nikapiga stata. Injini ikashika, ikakohoa, ikafa. Stata inazunguka kwa nguvu lakini gari haliwaki. Nikafungua boneti, nikakaa chini ya mti. Baada ya kama nusu saa ikawaka yenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi akasema ni koili, akaibadilisha. Ikarudia. Fundi mwingine akasema ni pampu ya mafuta, akafunga mpya, na alipokuwa akipanga mipira akaniambia kuna mpira mmoja mwembamba ambao hauna kazi yoyote, akauziba kwa bolti. Tangu hapo hali imekuwa mbaya zaidi. Nimeshabadilisha plagi, kondensa na nyaya za plagi, na kabureta zote mbili zimesafishwa. Gharama usiniulize.

Halafu ikaja harusi ya binamu yake mke wangu, Mombasa. Mke wangu alitaka tupande treni, mimi nikang'ang'ania twende na Datsun. Tuliondoka asubuhi, tukala Mtito Andei, na tulipotaka kuondoka gari likakataa. Tukasubiri. Likawaka, tukaenda kidogo, likazima tena. Mpaka tunaipita Voi giza limeshaingia. Karibu na Maungu taa zikaanza kufifia, zikawa njano, injini ikaanza kukatakata, mwishowe kila kitu kikazima, gari likiwa nusu liko kwenye lami. Malori yanapita, upepo wake unatikisa gari. Mke wangu alibaki ndani, mimi niliinama chini ya boneti na tochi ya simu. Dereva mmoja wa lori, Mungu ambariki, alisimama, akaweka matawi barabarani nyuma yetu na kunisaidia kulisukuma pembeni.

Nikiri jambo moja: ile mita ya chaji kwenye dashibodi nilikuwa nimeiona. Kila nikiwasha taa, sindano inalala upande wa kutoa. Niliuliza, nikaambiwa mita za gari za zamani hazisemi kweli.

Tulifika Mombasa ndoa imeshafungwa. Mke wangu hakusema neno mpaka tuliporudi nyumbani. Kisha akaniambia, "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa nije kusukuma gari usiku." Anataka gari liuzwe, au basi nisimwombe tena kulipanda. Shemeji yangu anasema gari za michezo za zamani ni za kuegeshwa kwenye maonyesho, si za barabarani. Rafiki yangu ananishauri niitoe injini niweke 2JZ ya Toyota. Na kuna mtu amenitajia bei nzuri, anasubiri jibu. Nifanye nini?

Mwenye Datsun, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na Maungu kabla ya koili na pampu. Hayo mengine yote uliyoandika yanaweza kusubiri gereji. La Maungu halisubiri.

Mke wako alibaki ndani ya gari lisilo na taa, nusu yake ikiwa kwenye lami, usiku, kwenye barabara ya malori. Hilo lisitokee tena, hata siku mtakayokuwa mnaendesha gari lililotoka dukani jana. Gari likizima mahali pabaya, kila mtu anashuka kwa mlango wa kushoto, anatoka kwenye lami na kwenda mbali nayo, na anasimama upande wa nyuma ya gari, si mbele yake, ili lori likiligonga lisiwasukumie nyinyi. Zile pembetatu mbili za kuakisi mwanga ambazo sheria inataka uwe nazo ziko kwenye buti kwa kazi hiyo. Ipeleke moja nyuma mita 50 au zaidi, na usiku ongeza, kwa sababu lori lenye mzigo likishuka mteremko halisimami pale dereva anapotaka. Boneti haifunguliwi mpaka gari liwe nje ya barabara. Kama tatizo ni mafuta na betri ina nguvu, tia gia ya kwanza, achia klachi na upige stata: gari litajikokota lenyewe mita chache mpaka pembeni. Kama betri imekufa, kama ilivyokuwa kwenu, ni kusukuma, na hilo ndilo la kwanza kabla ya kushika spana. Yule dereva aliyeweka matawi alikuwa anafanya kazi yako.

Sasa gari lenyewe. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona Datsun yako ina magonjwa mawili ambayo mafundi wako wameyatibu kama moja. La kwanza ni la joto na mafuta. Linakuja ukisimama kidogo baada ya mwendo mrefu, stata ina nguvu, injini haishiki, na ikipoa inapona yenyewe. La pili ni la umeme, na ndilo lililokulaza Maungu. Halihusiani na lile la kwanza hata kidogo, isipokuwa kwamba la kwanza liliwachelewesha mpaka mkahitaji taa.

Injini yako, L24, silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2393, ni ngumu kuua. Lakini ina jambo moja la maumbile ambalo mwenye nayo lazima alijue: njia ya kuingiza mafuta na njia ya kutoa moshi ziko upande mmoja wa injini. Kwa hiyo kabureta zako mbili zimekaa juu kabisa ya mabomba ya ekzosi. Gari likiwa mwendoni, upepo wa mbele na petroli mpya inayopita vinazipoza. Ukizima, feni inasimama, maji yanasimama, na joto lote la chuma kile linapanda juu. Kabureta inakuwa na joto zaidi dakika kumi baada ya kuzima kuliko ulipokuwa unaendesha. Ndiyo maana gari lilikufa baada ya machungwa, si kabla. Petroli iliyo kwenye mabakuli ya kabureta na kwenye mirija inachemka na kugeuka mvuke. Pampu yako, ile inayoendeshwa na injini yenyewe, kazi yake ni kusukuma kimiminika. Ikipewa mvuke inapiga hewa tu. Na petroli ya siku hizi inatengenezwa ikiwaziwa gari za injeksheni, ambako inakaa kwenye presha kubwa, kwa hiyo ndani ya mfumo wa zamani kama wako inachemka upesi.

Na hapo ndipo ule mpira mwembamba "usio na kazi" uliponishtua. Datsun waliitoa 240Z ikiwa na njia mbili za mafuta. Moja inaleta petroli kutoka tangini, ya pili inarudisha tangini ile ambayo kabureta hazikuihitaji. Tundu la njia ya kurudi limefanywa dogo makusudi ili presha isipotee. Kazi yake ni kuifanya petroli izunguke muda wote, isikae mahali pamoja ikapikwa, na mvuke ukijitokeza uwe na pa kwenda. Fundi aliyeuziba kwa bolti alifunga mlango huo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba tangu siku ile hali ilizidi, na hukuunganisha mambo hayo mawili kwa sababu yeye tayari alikuwa ameshaitupia lawama pampu.

Toa bolti hiyo. Lakini kabla hujarudisha mpira, fungua kifuniko cha tangi na upulize njia ile kwa upepo mdogo, uhakikishe inapitisha mpaka tangini. Gari la umri huu linaweza kuwa na kutu ndani ya tangi, na kutu hiyo hiyo huenda ndiyo iliyomfanya mtu adhani mpira hauna kazi. Mipira yote ya mafuta iliyokakamaa au yenye nyufa itoe, weka ya petroli, si ya maji. Kisha angalia kama lile bati la kukinga joto, linalokaa kati ya kabureta na ekzosi, bado lipo. Kwenye gari nyingi za umri huu lilishatolewa na mtu aliyekuwa na haraka na halikurudi. Pia tazama vile vipande vizito vya kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi, kama havijapasuka au kubadilishwa kwa karatasi ya gasketi tu. Mrija wa mafuta usiguse chuma cha injini popote.

Kuna watakaokwambia ufunge pampu ya umeme nyuma karibu na tangi. Si ushauri mbaya. Pampu iliyo nyuma inasukuma, haivuti, na petroli inayosukumwa haichemki kirahisi kama inayovutwa. Lakini ifungwe baada ya njia ya kurudi kufunguliwa, iwe ya presha ndogo, isizidi psi 4, la sivyo sindano za mabakuli zitashindwa kuzuia na petroli itamwagika juu ya ekzosi. Na iunganishwe kwa namna ambayo injini ikizima nayo inakata. Pampu inayoendelea kumwaga petroli baada ya ajali ni jambo la kuua watu.

Hata hivyo, mimi sikuwa Emali. Hadithi yako inafanana na mvuke kwa asilimia kubwa, lakini kuna mwizi mwingine mwenye sura hiyohiyo: kondensa au koili inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Kondensa nyingi mpya zinazouzwa leo ni dhaifu, na wewe umeweka mpya. Kama ile ya zamani hujaitupa, itunze. Inawezekana ilikuwa nzima kuliko hiyo uliyonunua. Namna ya kumtenganisha mwizi na mwenzake ni kupima palepale gari linapokataa, kabla halijapoa. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya wa plagi mmoja, ilaze iguse chuma cha injini, na mtu mwingine apige stata. Kwenye L24 plagi ziko upande wa pili wa kabureta, na hilo ni jema, lakini hakikisha hakuna petroli iliyovuja na plagi zote nyingine zimebaki mahali pake. Cheche ya buluu yenye mlio, umeme ni mzima, tafuta mafuta. Cheche ya njano iliyochoka, au hakuna kabisa, achana na mafuta, nenda kwenye kondensa, koili na ile rezista yake. Dakika mbili za kazi. Zingekuokolea pesa zote ulizozitaja na hukutaka nikuulize.

Mafundi wako walibadilisha, hawakupima. Hili linaniuma, na si kwako tu. Vijana wazuri wananunua gari za zamani kwa mapenzi, wanaishia kuziuza kwa hasira, na gari lenyewe lilikuwa na mpira mmoja uliozibwa.

Jambo jingine la njia ile ya Mombasa, ambalo sisi watu wa pwani tunalijua kwa masikio kabla ya akili. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Voi takriban mita 600, na Mombasa ni bahari yenyewe. Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa vizuri Nairobi, ikishuka inakutana na hewa nzito zaidi, lakini petroli haiongezeki kwa kiasi kilekile. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapata joto zaidi, na ukikanyaga mlimani unasikia inagonga au inasita. Gari la injeksheni linajirekebisha lenyewe, lako linakungojea wewe. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kusetia. Ikishuka, petroli inaongezeka. Weka alama mahali ilipo sasa, hesabu unazungusha kiasi gani ukifika chini, na fanya sawasawa kwa zote mbili, ili ukirudi Nairobi uzirudishe palepale. Usiguse hiyo kabla ya kumaliza mambo ya mpira na bati, maana utakuwa unatibu kitu usichokijua.

Na gari likikataa kuwaka likiwa na joto, usikanyage mafuta mara nyingi. Kabureta za aina hii hazina pampu ya ndani, kwa hiyo kukanyagakanyaga hakuongezi kitu. Petroli iliyochemka huenda imeshafurika kwenye manifoldi. Kanyaga mpaka chini, shikilia hapo, piga stata mpaka ishike. Siku nyingine, ukitaka kusimama baada ya mwendo mrefu, iache injini ikiunguruma taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuzima, kisha fungua boneti joto litoke.

Sasa umeme. Ile sindano ilikuwa inasema kweli. Dalili ya mvua ni mawingu, na wewe uliyaona mawingu ukaambiwa dirisha ni chafu. Injini ikiwa inazunguka na taa zimewaka, sindano inatakiwa ikae katikati au kidogo upande wa kuingiza. Ikilala upande wa kutoa, maana yake taa zinakula betri na altaneta hairudishi. Mchana hutambui, kwa sababu moto wa plagi peke yake unatumia umeme kidogo, na betri nzuri inaweza kukufikisha mbali ukiwa umezima redio na feni ya ndani. Ukiwasha taa kubwa, hesabu inabadilika. Taa zilipoanza kuwa njano, jambo lililobaki lilikuwa kusimama mara moja mahali pa usalama wakati bado kuna mwanga wa kukuonyesha pa kuegesha, au kugeuza mrudi Voi mlale.

Nunua mita ndogo ya kupimia umeme. Gari likiwa limezima, betri nzima inaonyesha volti 12.6 hivi. Liwashe, ongeza mafuta kidogo, uone kama inapanda karibu na 14. Washa taa zote: isishuke chini ya 13 na ushei. Ikishuka, usinunue altaneta bado. Tazama mkanda kama umelegea, safisha waya wa ethi kati ya injini na bodi, kaza vichwa vya betri, kisha angalia regyuleta, ile inayokaa peke yake kwenye kiboksi nje ya altaneta. Mara nyingi shida ni kutu kwenye maungio, na dawa yake ni msasa.

Ukiwa hapo, fungua boksi la fyuzi. Kwenye 240Z umeme wa taa unapitia kwenye swichi na boksi hilo bila rilei, na plastiki yake huyeyuka kwa joto mahali fyuzi za taa zinaposhika. Ukiona rangi ya kahawia, umelikuta. Mtu wa umeme anayejua kazi yake akufungie rilei, umeme wa taa kubwa utoke kwenye betri moja kwa moja na swichi ibaki kutoa amri tu. Taa zitang'aa kuliko zilivyokuwa mpya. Lakini asikufungie karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Huko ndiko gari za zamani zinakoungulia.

Shemeji yako, kwa heshima zote, mwambie hivi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaishinda tena kwa 240Z. Zilikuwa gari zilizoandaliwa na kiwanda, zina mafundi nyuma yao, sikatai. Lakini zilipita kwenye matope na mawe ambayo wewe hutaipitishia yako hata kwa malipo, na injini zake zilikuwa za ukoo huuhuu wa L24. Tofauti yao na yako ni kwamba kila bolti ya gari lile kulikuwa na mtu anayejua imekazwa lini. Gari la baba zako halikuumbwa kwa maonyesho.

Kuhusu 2JZ, nakuomba usifanye. Ni injini nzuri sana, na wako wanaoifunga kwenye 240Z wakaridhika. Lakini rafiki yako anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Injini yako haijawahi kukuangusha. Kilichokuangusha ni mpira, joto na waya. Ukitia injini ya Toyota, tangi litabaki na kutu yake, boksi la fyuzi litabaki limeyeyuka, na utaongeza shida ya rejeta, propela shafti, difu na breki ambazo hazikutengenezewa nguvu ile. Injini mpya lazima iandikwe kwenye logbuku kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima nao wataarifiwe. Na 240Z yenye injini yake ya kuzaliwa ni kitu ambacho ukishakivunja, hukirudishi.

Nije kwa mke wako.

Hakukwambia anachukia gari. Soma maneno yake tena: alikwambia hataki kusukuma gari usiku. Kwa namna ulivyoeleza, alishauri treni, hukumsikiliza, akakosa ndoa ya binamu yake, na akakaa gizani ndani ya gari linalotikiswa na malori huku mumewe akizungumza na kabureta. Ukimwendea na habari za mpira uliozibwa, atasikia kwamba bado unazungumza na kabureta. Mwombe radhi kwa mambo mawili hayo kwa majina yake: kwamba ulipuuza ushauri wake, na kwamba ulimwacha ndani ya gari mahali pale. Nenda naye kwa huyo binamu mkatoe mkono wa harusi, mwende kwa treni. Usimwahidi kwamba gari litapona. Usimwombe alipande. Siku akitaka atasema mwenyewe, na akikaa mwaka mzima bila kusema, ni haki yake. Gari hilo lina viti viwili, na safari za familia si kazi yake.

Mnunuzi mwambie bado hujaamua. Usiuze ukiwa na hasira, wala usiuze gari likiwa na bolti mahali pa mpira bila kumwambia. Likitengenezwa ndipo utajua unauza nini na kwa bei gani. Na kama baada ya yote utagundua kwamba hutaki kuwa mtu wa kufungua boneti kila Jumamosi, kupima maji, oili, mkanda na sindano ya chaji, basi liuze kwa moyo mweupe kwa mtu anayetaka. Gari hili halikubali mwenyewe asiyelisikiliza, na kutotaka kazi hiyo si aibu.

Ukiamua kubaki nalo, lijaribu hivi. Peleka kwanza Emali na kurudi, mchana, wewe na rafiki mwenye gari jingine nyuma yenu. Simama Emali dakika kumi na tano na boneti imefungwa, makusudi, kisha piga stata. Ikiwaka, rudi Nairobi ukipanda, kwa sababu kupanda ndiko kunakochemsha. Kwenye buti weka koili na kondensa ambazo umeshazijaribu kwenye gari lako zikafanya kazi, pointi, rota, mkanda wa feni, kipande cha mpira wa petroli na klipu zake, plagi ya kupimia, maji lita tano, tochi ya kichwani na kizima moto. Kitu kipya ambacho hakijawahi kufungwa usikihesabu kuwa spea. Ukiyapita hayo bila tatizo, washa taa jioni moja uzunguke mjini saa nzima ukiitazama sindano. Mombasa iwe baada ya hapo, mtoke alfajiri ili mfike jua likiwa bado juu.